Shahidi wa Bati

Baba yangu alibuni kitu ambacho kazi yake ilikuwa kuharibika. Ukitaka kumchekesha fundi yeyote wa mtaa wetu wa Gerezani, mwambie hivyo. Mimi nimewaona wakicheka hadi wanashika meza wasianguke. Kwetu fundi husifiwa kwa kitu kinachodumu. Mteja wa Kariakoo akinunua kitasa, jiko, hata tundu la kuku, swali lake la kwanza ni moja: hii haivunjiki? Mjibu kwamba hii, mama, imetengenezwa ivunjike, atakutazama usoni aone kama una homa.

Naandika haya nikijua mama yangu hatayasoma. Mama anasoma herufi za Kiarabu tu, zile alizofundishwa chuoni utotoni, na hizi nyingine hakuwahi kuzitaka. Ingekuwa anazisoma, nisingeandika.

Karakana yetu ilikuwa pale pale Gerezani, upande ambao nyundo zinaanza kabla chai haijachemka. Juu mabati, nyuma ukuta wa tofali, mbele wazi. Baba alikuwa fundi boila. Kazi alijifunzia kwenye karakana moja ya bandarini akiwa kijana, akaja kujitegemea. Watu wengi hawajui kwamba mjini hapa bado kuna boila za mvuke zinazochochewa kwa kuni, lakini zipo, nyuma ya kuta ambazo mnapita kila siku mkidhani ni maghala.

Boila ni birika kubwa la chuma, basi. Chini kuna tanuru, juu kuna maji, na kati ya moto na maji kuna bamba ambalo baba aliliita dari. Maji yakiwa juu ya dari, dari halina neno, hata uchochee vipi. Maji yakishuka dari likabaki kavu huku moto unawaka chini yake, chuma kinakuwa chekundu, kinalegea, kinabonyea, kinapasuka. Mvuke wote uliokuwa umefungwa unatokea mlango wa tanuru, na mlangoni ndipo anaposimama mchochea kuni. Baba alikuwa ameiona ajali kama hiyo mara moja ujanani na hakupenda kuisimulia.

Mimi ni mtoto wake wa pekee na ninatumia mkono wa kushoto. Chuoni maalimu alinifunga mkono huo kwa kipande cha khanga mwaka mzima, na mama alishirikiana naye kikamilifu. Walifanikiwa kwenye kula na kusalimia. Kwenye kazi walishindwa, kwa sababu baba aliponipa tupa mara ya kwanza niliishika kwa kushoto, na yeye akaniacha. Tupa ikipita kwenye chuma inaacha mistari myembamba, na mistari ya mtu wa kulia inalala upande mmoja. Yangu ililala upande wa pili. Baba aliweza kuitambua kazi yangu katikati ya kazi za mafundi wengine wanne. Alikuwa anainua kipande na kunitania: “Hiki kimeandikwa Kiarabu. Kampelekee mama yako akisome.”

Sasa nieleze alichobuni. Vizibo vya kuyeyuka si jambo jipya duniani na baba hakudai hivyo. Boila za zamani zilikuwa navyo: tundu kwenye dari, limezibwa kwa bati. Sisemi bati la kuezekea, nasema yale madini meupe laini ambayo mafundi redio wanachomelea nyaya. Maji yakipungua, bati linayeyuka kabla chuma hakijalegea, mvuke unashuka kwa tundu hilo dogo na kuzima moto. Ubaya wake, ukitaka kukibadilisha lazima boila ipoe kutwa nzima na mtu aingie ndani kwa tumbo. Kwa hiyo watu hawabadilishi. Baba alikifanya cha vipande viwili: bomba la shaba linalokaa darini siku zote, na kikombe kidogo cha shaba chenye tundu chini, kimejazwa bati, ambacho moto ukishazimwa unakifungua kwa spana kutoka mlangoni mwa tanuru. Pembeni alitoa njia ya filimbi, ili bati likiyeyuka boila ipige kelele mtaa wote usikie. Filimbi ndiyo iliyomchukua muda, alijaribu mpaka za birika la chai.

Kikombe alikiita Shahidi. Nilipomuuliza, alisema kinakufa ili watu wapone, na anayekufa hivyo ni shahidi. Aligonga jina hilo ubavuni, herufi moja moja.

Tulikipeleka Posta, kwenye ofisi inayoshughulikia hataza, yaani ile hati ya kulinda ubunifu wa mtu. Baba alivaa kanzu ya Idi. Kijana aliyekuwa mezani alikigeuzageuza kikombe, akauliza kwa adabu, “Mzee, hiki kinafanya nini?”

“Kinaharibika,” baba akasema.

“Hapana, mzee, namaanisha kikiwa kizima.”

“Kikiwa kizima hakifanyi kitu.”

Kijana akanitazama mimi kama mtu anayetafuta mkalimani. Nikaanza kueleza, lakini mama mmoja wa makamo aliyekuwa kwenye foleni nyuma yetu, mhandisi kwa jinsi alivyokumbatia michoro yake, aliingilia kati akicheka. Akamwambia kijana asidharau, wazo hilo lina wenzake wakubwa. Kuna wataalamu wanaobuni mitambo ya nyuklia yenye kizibo cha chumvi iliyogandishwa chini yake. Joto likizidi, chumvi inayeyuka, fueli yote inashuka kwenye matangi na kazi inakoma yenyewe bila mtu kugusa.

Baba akamgeukia mzima mzima. “Kwani hiyo nyuklia, mwanangu, inafanya nini hasa?”

“Inachemsha maji, mzee. Mvuke unazungusha mashine, umeme unapatikana.”

“Maji tu?”

“Maji tu.”

Tulirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja na baba hakunyamaza. Kumbe na wao ni birika! Duniani kote watu wanahangaika na birika! Alimwambia muuza kahawa, akamwambia muuza karanga, akamwambia askari wa barabarani ambaye hakuuliza. Hati hatukuipata. Tulitakiwa tulete michoro ya namna fulani, kisha fomu ya namna nyingine, mpaka kanzu ya Idi ikarudi kabatini. Lakini sijawahi kumwona baba mwenye furaha kama siku ile, na ninajilazimisha kuikumbuka kwanza kila ninapokumbuka mengine.

Shahidi wa kwanza alifungwa Ilala, kwenye dobi kubwa linalofua mashuka ya hoteli, kwa sababu mchochea boila wa pale alikuwa mjomba wangu. Kaka wa mama, wa tumbo moja, na mama hakuwa na mwingine. Mjomba alikuwa mcheshi kupita kiasi. Kila Ijumaa alipitia nyumbani na kashata kwenye karatasi, nikiwa na miaka sita na nikiwa na miaka thelathini, kashata zile zile. Baba alikazania kizibo kifungwe pale kabla ya kwingine kote. Aliniambia, “Shemeji yangu anasimama mbele ya mlango ule kutwa, na kioo cha maji cha boila ile kimechoka.”

Siku ya kufunga, mjomba alikisoma kile kikombe kwa sauti mbele ya wenzake. “Shahidi? Shemeji, shahidi wa kesi gani?”

“Si wa mahakamani,” baba akasema. “Shahidi wa kufa shahidi.”

“Aa, shemeji bwana. Yaani nikisinzia kidogo, huyu anapiga filimbi tajiri ajue? Umeniletea mmbeya!”

Wakacheka wote, na baba akacheka nao. Tangu siku hiyo pale dobi jina likawa Mmbeya. Neno moja, kila mtu akachukua nusu yake. Baba alichukua nusu ya anayekufa, wao wakachukua nusu ya anayesema.

Na kweli kilisema. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya mgao wa maji. Bomba la mjini lilikatika, tangi likakauka bila mtu kujua, maji kwenye boila yakashuka, bati likayeyuka. Filimbi ikalia, moto ukazimika, mashuka yakalala kwenye mashine mpaka kesho yake. Hakuna aliyeungua hata ukucha. Ungedhani watasherehekea. Tajiri mwenye dobi alikuja juu, mjomba akapewa onyo.

Mara ya pili hazikupita wiki nne. Safari hii walikuwa wanatumia maji ya kisima, yale ya chumvi, ambayo yanaacha ukoko mweupe kila yanapopita. Kile kioo ambacho mchochea anasomea kimo cha maji kilishafunikwa na ukoko kiasi kwamba kilionekana kimejaa hata kikiwa kitupu. Mjomba alisoma uongo wa kioo, Shahidi akasema kweli. Tajiri akamwambia mjomba: ikilia mara ya tatu usingoje nikuite, pitia getini moja kwa moja. Kubadilisha kioo hakuna aliyekutaja.

Baada ya hapo msimamizi wa dobi alikuja Gerezani. Alikipiga kile kikombe kilichoyeyuka juu ya meza yetu, mbele ya mafundi wa karakana zote za jirani. “Mzee, kitu chako feki. Mara mbili! Hata mwezi hakimalizi.”

Baba akakichukua, akachungulia jua kupitia tundu lake. “Kimefanya kazi yake,” akasema.

Walicheka. Kuna mmoja, nisimtaje, hadi leo nikimpita sokoni simsalimii, alisema mzee apewe kiti apumzike. Neno feki Kariakoo si neno dogo. Likishamganda fundi, hata akichonga dhahabu wateja watapita kwa jirani. Baba alitabasamu akaendelea kukereza bomba lake, na mimi niliona aibu ikinipanda kuanzia miguuni. Niseme ukweli: nilimwonea aibu yeye. Nilikuwa naielewa kazi ya kile kitu kuliko mtu yeyote baada yake, nimekijaza bati kwa mikono yangu mara nyingi tu, na bado moyoni nilikuwa upande wa wanaocheka. Nilitaka baba yangu awe fundi ambaye kitu chake hakiharibiki, kama mafundi wengine.

Siku tatu baadaye mjomba akaja, saa ya adhuhuri, baba akiwa amekwenda kuswali. Nadhani alipanga. Hakuwa na kashata. Alikuwa na kikombe cha akiba, kitupu, kwenye gazeti.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mama. Nimekuja kwako wewe, sijaja kwa shemeji.” Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. “Mpwa wangu, huyu shahidi ananifukuzisha kazi. Nina miaka sitini kasoro. Nikitoka pale nani atanichukua? Nijazie kitu kigumu. Asiseme tena, basi.”

“Mjomba, kikiwa kigumu hakina maana.”

“Maana yake ataijua baba yako. Mimi maji nitayaangalia mwenyewe, macho ninayo. Si mpaka walete kioo kipya? Wakileta kioo, unanirudishia bati.”

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ngoja baba arudi, msikiti ulikuwa hatua mia moja. Lakini nilikuwa na hoja zangu tayari, hata kabla yeye hajamaliza zake. Kwamba ni kwa muda tu. Kwamba mjomba yuko makini. Kwamba kikombe kisipoyeyuka mara ya tatu, wale wanaocheka watafunga midomo na jina la baba litasafika. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyowasha moto.

Nilivunja koki kuukuu ya shaba, nikaiyeyusha kwa mkaa na feni, nikamimina kwenye kikombe. Shaba inahitaji moto mkali mara nne ya bati. Dari la boila lingelegea kama ugali kabla shaba ile haijatoa jasho. Ilipopoa nilikifunga kwenye jiriwa, ile koleo ya mezani, nikasawazisha uso wake kwa tupa, kwa mkono wangu wa kushoto, nikapaka juu bati jembamba ili rangi ifanane. Mjomba akanishika kichwa akaniombea dua. Baba aliporudi nilikuwa nafagia.

Kwa muda wa mwezi na siku kadhaa filimbi haikulia. Msimamizi alimpungia baba mkono alipokutana naye sokoni. Baba alifurahi, akaniambia mjomba wako sasa anaangalia maji vizuri. Nilimwitikia. Kila Ijumaa mjomba alileta kashata, na mimi nilikula.

Ilitokea asubuhi, saa nne. Simu ilipigwa kwa baba, akasikiliza, akauliza neno moja, “Filimbi?” Kisha akakata. Tulikwenda kwa bajaji. Ukuta wa nyuma wa dobi ulikuwa umesimama, hata paa lilikuwepo, na kwa dakika moja nilijidanganya kwamba ni jambo dogo. Dari la tanuru lilikuwa limebonyea na kuchanika kama kopo. Mlango wa tanuru tuliukuta upande wa pili wa chumba. Wenzake walikuwa wameshamfunika mjomba kwa mashuka ya hoteli, meupe, yaliyofuliwa jana yake.

Mama alifika kabla hatujamtoa. Sitaandika alivyolia.

Siku ya tatu ya msiba waliikata boila, na msimamizi akaleta kile kikombe karakana ndani ya mfuko wa plastiki. Akasema mkaguzi anakuja kesho, mzee ajiandae kueleza kwa nini mtambo wake haukufanya kazi. Mafundi wa jirani walisimama mbali kidogo, na safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi alipoondoka, baba alikipeleka kikombe kwenye bomba la uani, akakiosha, akagonga ukoko kwa nyundo ndogo. Ukoko wa chumvi una tabia moja: unahifadhi kilicho chini yake. Kile kibati chembamba nilichopaka kilibanduka nao, na chini kukawa na uso wa njano, msafi, na mistari ya tupa inayong’aa kama iliyopigwa asubuhi ile.

Nilikuwa nimesimama kwenye jiriwa. Baba aliutazama uso ule. Hakunitazama mimi. Alikuja akanisogeza pembeni kwa bega, kwa upole, kama anavyofanya akitaka kupita, akakifunga kikombe kwenye jiriwa na kuchukua tupa. Akaanza kupiga kwa mkono wake wa kulia. Alipiga polepole, akipuliza vumbi, mpaka mistari yangu yote ikafutika na mistari mipya ikalala upande wake. Kisha akakizungushia mafuta machafu ya injini na vumbi la chini, kisionekane kimeguswa. Mwadhini aliadhini adhuhuri, akanawa, akaenda kuswali.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Alikwaruza kikombe kwa kisu, akashangaa. “Mzee, hii ni shaba. Nani aliijaza?”

“Mimi.”

“Kwa nini shaba?”

“Bati lilikuwa limekwisha. Nilidhani haitakuwa na neno.”

Mkaguzi alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani alijua kwamba mtu aliyekibuni kitu kile hawezi kusema sentensi ile. Lakini aliiandika, baba akatia sahihi. Hakufungwa. Tajiri naye alikuwa na kioo chake cha kuficha, hakutaka mambo yafike mbali. Baba alizuiwa kugusa boila maisha yake yote, na karakana tukaifunga mwezi ule ule. Leo pale pana mtu anauza vifuniko vya simu.

Jioni ya siku ya mkaguzi nilimwambia baba nakwenda kumweleza mama. Alikuwa anavua viatu. Akasema, “Mama yako amefiwa na kaka. Unataka afiwe na mtoto?” Nikakaa. Ningependa kusema nilibishana naye. Nilikaa, na ndani yangu, pamoja na uchungu wote, kulikuwa na kitu kinachofanana na nafuu. Hicho ndicho ninachokichukia zaidi.

Waliishi hivyo miaka saba, nyumba moja, Ilala. Mama hakudai talaka. Alipika, akafua, akamwandalia maji ya kuoga. Alihamia kulala chumbani kwangu. Chakula cha baba alikiweka mezani, akakifunika kwa kawa, akaondoka kabla baba hajaja kukaa. Alipomtaja kwa watu alisema “yule”. Wageni walipokuja alikuwa na maneno yake tayari, hakuyapunguza hata baba akiwa anasikia: kaka yangu aliuawa na kizibo cha nyumbani kwangu. Baba alinawa mikono, akala, akasema ahsante kwa kiti kitupu. Redio ilipotangaza habari za umeme wa nyuklia, kwamba na sisi siku moja huenda tutakuwa nao, alinyoosha mkono akaizima. Mtu aliyewahi kumsimamisha askari wa barabarani kwa habari hiyo!

Na mimi? Nilipata kazi ya kuuza spea Kariakoo, nikanunua unga na mafuta, nikampeleka baba kliniki ya presha. Nilikaa katikati ya watu wawili niliowatenganisha, nikipokea dua za wote. Mara mbili nilijaribu. Mara zote mbili baba alijua kabla sijafungua mdomo, akanitazama vile vile alivyoutazama uso wa kikombe, nikanyamaza.

Alifariki mwaka jana, usingizini, baada ya swala ya alfajiri. Walimwosha, wakamvika sanda, wakamlaza kwenye jeneza ukumbini. Kabla wanaume hawajamchukua, shangazi, dada yake baba, alimleta mama kumuaga. Kwetu mke huombwa amsamehe mumewe kabla hajatoka, mbele ya mashahidi. Mashahidi: hilo ndilo neno alilotumia shangazi, na sikulitegemea. Shangazi akasema, “Wifi, msamehe mwenzio. Aende mwepesi.”

Mama akaitazama sanda.

“Wifi. Watu wanasubiri nje.”

Mama akasema, “Namsamehe yote aliyonikosea mimi. La kaka yangu si langu kusamehe.”

Wanawake wakaguna. Wengine wakaanza kumsihi. Shangazi alilia, akamwomba mara ya tatu, na kutoka nje tulisikia wanaume wakiuliza kulikoni. Nilikuwa nimeshika chetezo cha udi. Nilikiweka chini, nikasikia sauti yangu.

“Mama, kile kizibo nilikijaza mimi. Si baba. Baba hakujua. Alijua baadaye, akafuta kazi ya mkono wangu akasema ni yeye.”

Mama hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu wa kushoto, ule waliohangaika nao yeye na maalimu. Aliutazama mpaka nikatamani kuuficha ndani ya khanga. Kisha akauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo, kama anayeuliza saa.

“Kaka yangu alijua umeweka nini?”

Nilimwona mjomba juu ya ndoo iliyogeuzwa, gazeti mkononi. Nilisikia dua yake kichwani kwangu. Jibu la kweli lilikuwa fupi, na nusu ya mzigo ingeshuka pale pale. Nikautazama uso wa baba, shangazi alikuwa ameufunua kwa ajili ya kuaga, uso wa mtu aliyetia sahihi uongo na kuishi ndani yake miaka saba.

“Hakujua,” nikasema. “Nilimdanganya.”

Mama akageuka akapiga magoti penye jeneza. Akaweka kiganja kwenye sanda, kifuani, akasema, “Nimekusamehe. Nimekusamehe. Unisamehe na wewe.” Hakumwita yule, alimwita jina lake, na sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu msiba wa kwanza. Wakaingia wanaume, wakamchukua.

Bado tunaishi pamoja. Mama ananipikia, ananichemshia maji nikipata mafua, ananiuliza nimechelewa wapi. Chakula changu anakiweka mezani, anakifunika kwa kawa, anaondoka kabla sijakaa. Kile kikombe ninacho kwenye droo, na mistari ya tupa ya baba haijafifia. Sijamwomba mama anisamehe. Naogopa atauliza tena lile swali.